Krimu Si Pambo

Agiza Irish Coffee katika hoteli nyingi za Arusha, Dar es Salaam au Nairobi, uone utakacholetewa. Glasi ndefu, ndani yake kahawa iliyokwisha kugeuka rangi ya udongo, juu yake visiwa vya povu vinavyoyeyuka, na unga wa chokoleti umenyunyizwa ili kuficha msiba. Mhudumu hana kosa. Ametenda alivyofundishwa, na waliomfundisha wana sababu zao, tena wanazitamka bila wasiwasi: krimu ni pambo, sukari ni hiari, pombe huisha kwa moto, kahawa humzindua mlevi. Sababu hizo ndizo ninazotaka kuzijibu. Karibu zote ni za uongo, na zile chache zenye chembe ya ukweli zimepindishwa.

Tuanze kwa kukubaliana juu ya kinywaji chenyewe. Kahawa ya Kiayalandi ina vitu vinne tu: kahawa nyeusi ya moto, wiski, sukari na krimu. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, kinataja mililita 50 za wiski, 120 za kahawa, 50 za krimu baridi na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Tazama hesabu hiyo vizuri: krimu ni sawa na wiski. Hakuna anayetia pambo la mililita 50. Krimu ni sehemu ya kinywaji, na ufundi wote umo katika kuizuia isichanganyike na kahawa mpaka vikutane mdomoni. Ubaridi na ulaini vinatangulia, kisha moto, uchungu, utamu na pombe vinapenya kutoka chini yake. Mpaka ule kati ya krimu na kahawa ukivunjika ndani ya glasi, umebaki na kahawa ya maziwa iliyotiwa pombe, na hiyo haihitaji safari ya kwenda hotelini.

“Ni kinywaji cha jadi cha Waayalandi, cha karne na karne.”

Hapana. Kina umri mdogo kuliko sinema yenye sauti. Kilipozaliwa, Ayalandi ilikuwa nchi ya chai, na kahawa hii ilizaliwa mahali ambapo wateja walikuwa wageni: Foynes, kijiji cha bandari kwenye mlango wa mto Shannon, kaunti ya Limerick, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Foynes ndipo zilipotua ndege kubwa za kuvuka Atlantiki, zile zenye tumbo la mashua zinazotua juu ya maji. Abiria walishushwa kwenye boti ndogo na kupelekwa gatini, mara nyingine kwenye mvua na upepo, wakafika mgahawani wakitetemeka. Mkuu wa jiko alikuwa Joe Sheridan, mzaliwa wa Castlederg katika Tyrone, na msimamizi wa mgahawa alikuwa Brendan O'Regan.

Masimulizi ya Foynes yanasema kwamba usiku mmoja wa baridi wa mwaka 1943, na wengine hutaja 1942, ndege iliyokuwa imeondoka kuelekea magharibi ilishindwa na hali ya hewa ikarudi, na Sheridan akaitia wiski kahawa ya abiria wale. Mmoja akauliza kama hiyo ni kahawa ya Brazili. Akajibiwa kuwa ni kahawa ya Ayalandi. Mazungumzo hayo huenda yametiwa nakshi, kama hadithi zote za baa zinavyotiwa. Lakini mahali, mpishi na kipindi havina ubishi mkubwa. Kilichozaliwa pale kilikuwa huduma ya kituo cha safari, kazi ya mpishi mwenye akili aliyeona watu wenye baridi. Mapokeo ya mababu hayahusiki.

Wapo pia wanaosema ni mali ya Wamarekani, na hao wamekosea kwa upande wa pili. Vita vilipoisha mwaka 1945 ndege zile za majini ziliachwa, safari zikahamia uwanja wa nchi kavu wa Rineanna, ng'ambo ya mlango wa mto, ambao leo ni uwanja wa Shannon. Kahawa ikahama nazo. Hapo ndipo Stanton Delaplane, mwandishi wa safari wa gazeti la San Francisco Chronicle, alipoionja. Tarehe 10 Novemba 1952 yeye na Jack Koeppler, mwenye mgahawa wa Buena Vista huko San Francisco, waliketi usiku wakijaribu kuiiga. Waliieneza, naam. Kuibuni hawakuibuni, na ushahidi mzuri ni kwamba Sheridan mwenyewe alihamia San Francisco na kufanya kazi kwao Buena Vista. Usiku ule wa majaribio nitaurudia, kwa sababu ulishindikana kwa namna yenye mafunzo.

“Basi Sheridan ndiye wa kwanza duniani kuweka pombe na krimu kwenye kahawa.”

Hata hilo halisimami. Katika kisiwa cha Nordstrand, kaskazini mwa Ujerumani, wanasimulia ubatizo wa mwaka 1872. Mchungaji Georg Bleyer alikuwa mkali dhidi ya ulevi, kwa hiyo wenyeji walitia ramu kwenye kahawa yao na kuifunika kwa krimu iliyopigwa, ili mvuke usipeleke harufu puani mwa mtumishi wa Mungu. Yeye walimpa kikombe kisicho na ramu. Siku ikafika vikombe vikapishana, mchungaji akaonja cha jirani, akawakemea kwa jina la Mafarisayo. Kinywaji kikabaki na jina hilo, Pharisäer, hadi leo.

Wajerumani hawana mzaha nacho. Mwaka 1981 mahakama ya Flensburg iliamua ugomvi wa mteja aliyekataa kulipia Pharisäer aliyoiona dhaifu, na hakimu akakubaliana naye kwamba sentilita 2 za ramu hazitoshi. Huku kwetu, ambako kipimo cha baa hutegemea uso wa mteja, kesi kama hiyo ingejaza mahakama.

Vienna nako kulikuwa na Fiaker, kahawa nyeusi yenye pombe kali na krimu juu, iliyochukua jina la magari ya farasi. Kwa hiyo wazo la kufunika kahawa yenye pombe kwa krimu ni la zamani kuliko Foynes. Sheridan alichofanya ni kuliwekea nidhamu: krimu isiyotiwa sukari, iliyopigwa kidogo tu kiasi cha kumiminika, juu ya kahawa ya wiski iliyotiwa sukari, ndani ya glasi inayoonyesha mpaka waziwazi. Wajerumani na Waaustria hutumia krimu iliyopigwa hadi kusimama. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi utakapokunywa zote mbili.

“Mimi sinywi sukari, kwa hiyo ondoa. Ladha ni jambo la mtu.”

Ladha ni jambo la mtu, lakini uzito wa vimiminika hauna mtu. Krimu huelea kwa sababu moja tu: ni nyepesi kuliko kilicho chini yake. Ugumu ni kwamba kilicho chini nacho kimepunguzwa uzito mara mbili. Lita ya maji baridi ina kilo moja, lakini maji ya nyuzi 65 hupungua hadi karibu gramu 980 kwa lita. Pombe tupu ni nyepesi zaidi, karibu gramu 790, na wiski ya asilimia 40 huwa karibu gramu 950. Changanya kahawa ya moto na wiski, unapata kimiminika chepesi kuliko maji ya bombani. Krimu nzito isiyopigwa, ikitoka kwenye friji, inakaribia uzito wa maji yale ya bombani. Utaimimina kwa upole wote wa dunia, nayo itazama.

Sukari inairudishia kahawa uzito uliopotea. Vijiko viwili vya chai vilivyoyeyuka katika glasi ya mililita 170 vinaongeza kama asilimia 2, na hapo pambano linakuwa la karibu. Sitadanganya kwamba sukari peke yake inatosha. Hewa iliyomo ndani ya krimu iliyopigwa ndiyo inayomaliza kazi, na krimu iliyopigwa vizuri itaelea hata juu ya kahawa isiyo na sukari. Lakini itakaa kwa wasiwasi, na kila ukiinamisha glasi mpaka utachafuka. Wanaosema sukari ni kwa ajili ya utamu tu wamekosa nusu ya jambo. Wanaosema bila sukari krimu lazima izame nao wamezidisha.

Kwa hiyo nashauri kijiko kimoja kama huzoei utamu, viwili kama unaanza kujifunza. Krimu yenyewe haitiwi sukari hata chembe, na hapo ndipo utamu unaposawazishwa. Mtu anayeogopa kwamba kinywaji kitakuwa sharubati mara nyingi amezoea kile cha hotelini, chenye sukari chini, krimu tamu ya kopo juu, na sharubati ya chokoleti pembeni. Sukari iyeyuke yote kabla wiski haijaingia, wakati kahawa bado ina moto wa kutosha. Punje zikibaki chini hazina msaada kwa krimu, zinamngoja tu mnywaji mwishoni.

“Krimu ikizama, dawa ni kuipiga zaidi mpaka isimame.”

Hili ndilo kosa linalokula glasi nyingi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Turudi Buena Vista, mwaka 1952. Delaplane na Koeppler walikuwa na wiski, kahawa na sukari, na walikuwa na ladha ya Shannon kichwani. Krimu yao ikawa inazama. Walijaribu, ikazama. Jibu lilitoka kwa mtu wa maziwa: George Christopher, mwenye kiwanda cha maziwa mjini humo, ambaye baadaye alikuwa meya wa San Francisco kuanzia 1956 hadi 1964. Mgahawa wenyewe husimulia kwamba ilionekana krimu ikikaa saa 48 na kisha kupigwa hadi kiwango maalum, huelea inavyotakiwa. Angalia kwamba hawakuambiwa waipige hadi iwe mlima. Waliambiwa kuna kiwango, na kiwango hicho kina pande mbili za kukosea.

Krimu inapopigwa, vipande vidogo vya mafuta hugusana na kushikana kuzunguka viputo vya hewa. Hapo mwanzo inakuwa nzito kidogo na bado inamwagika. Ukiendelea inashika michirizi ya chombo unachopigia. Ukiendelea tena inasimama, na ukipitiliza unapata siagi. Kwa keki unataka ile inayosimama. Kwa kahawa hii unataka ya mwanzo: ukiinua kijiko, krimu idondoke kwa utepe mnene, na utepe huo ukae juu ya uso kwa muda mfupi kabla ya kupotea. Krimu iliyosimama itaelea, hakuna shaka, lakini itakaa juu kama kofia. Utakunywa kahawa kwa pembeni, na krimu itakugusa pua bila kukugusa ulimi. Mpaka upo, ila haupitiki. Kwa hiyo mwenye krimu iliyozama ajiulize kwanza kama aliimwaga kutoka juu mno badala ya kuipitisha mgongoni mwa kijiko kinachogusa uso wa kahawa, au kama krimu yenyewe haikuwa na mafuta ya kutosha.

Mafuta ndiyo habari kubwa. Krimu ya kupiga huhitaji kama asilimia 30 ya mafuta kwenda juu, na pakiti nyingi za madukani zenye maneno ya kupiga kwenye lebo huwa na 35 hivi. Ile ya kupikia, yenye 20 au pungufu, haitapigika hata ukeshe nayo. Malai yanayokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa ni matamu kwa mkate, ila yana protini iliyogandishwa kwa moto, hayatoi utepe ninaousema. Halafu kuna unga wa kupamba keki na vile vikopo vya mafuta ya mimea vinavyouzwa jirani na krimu, vikiwa na picha ya krimu. Vinasimama vizuri kwenye joto la Dar, lakini vinaacha utando kwenye kaakaa, na sukari vimeshatiwa. Krimu ya kopo la kufyatua imejazwa gesi, na juu ya kahawa ya moto gesi inakimbia upesi. Visiwa vinavyoyeyuka nilivyovitaja mwanzoni hutokana nayo.

Saa 48 za Christopher si sharti leo. Pakiti iliyolala kwenye friji usiku kucha inatosha, maana mafuta ya krimu lazima yagande ndipo yashikane. Zaidi ya nyuzi 10 kupiga kunakuwa kazi bure. Wala huhitaji mashine, na kwa kiasi cha glasi mbili mashine ni hatari, inakuvusha kiwango kabla hujapepesa jicho. Chupa safi yenye kifuniko, krimu nusu yake, tikisa hadi sauti ya maji ndani ianze kuwa nzito, kisha simama.

“Badala ya krimu weka Baileys, au Amarula, ni krimu hizo hizo.”

Baileys ilianza kuuzwa mwaka 1974, ina asilimia 17 ya pombe na sukari nyingi sana. Sukari hiyo inaifanya nzito kuliko kahawa, kwa hiyo inazama moja kwa moja na kuchanganyika. Amarula vivyo hivyo. Kahawa yenye Baileys ni tamu, naikubali, hasa mwisho wa mlo, lakini haina mpaka. Ukiitaka, iweke chini mahali pa wiski na sukari, kisha weka krimu halisi juu.

“Wiski ikiwa ghali zaidi, kinywaji kinakuwa bora zaidi.”

Pesa yako, lakini kahawa haijali. Wiski ya miaka 18 ikikutana na kahawa ya moto, yale unayolipia yanafunikwa. Wiski nyingi za Ayalandi hukenekwa mara tatu na hazina moshi, ndiyo maana zinakaa vizuri chini ya krimu. Buena Vista hutumia Tullamore Dew, ambayo si ya mfalme. Wiski za Scotland zenye moshi wa mboji zinagombana na kahawa, ingawa zisizo na moshi zitafaa. Ramu inafaa sana, na Nordstrand ni shahidi. Konyagi sishauri. Ina ladha yake, na ladha hiyo hupenda limau na barafu.

“Lazima iwe espresso.” Na ndugu yake: “Kahawa yoyote inatosha, pombe itaificha.”

Espresso moja ni mililita 30 hivi, na kinywaji hiki kinataka 120. Ukiirefusha kwa maji ya moto utapata kitu kinachokubalika, si zaidi. Kahawa iliyochujwa kwa karatasi au kwa chombo cha kusukuma, iliyotengenezwa kwa ukali kidogo kuliko kawaida, ndiyo inayobeba. Hapo wenzetu wa Ulaya wanatuonea wivu, nasi hatujui. Arabika ya miteremko ya Kilimanjaro iliyokaangwa kwa wastani ina mwili wa kutosha na haina uchungu wa majivu. Kahawa za Nyeri, zenye uchachu wao maarufu, nazipenda nyeusi. Chini ya krimu uchachu ule naona unapiga kelele. Hayo ni maoni yangu na Mkikuyu atanipinga.

Kuhusu ile ya unga, Africafe na wenzake, sina dharau nayo, imenywewa katika nyumba nyingi kwa heshima. Ila pombe haifichi kahawa dhaifu. Wiski inaongeza ukali wa koo tu, na penye kahawa nyembamba ukali huo unabaki peke yake. Ukiwa nayo tu, izidishe kijiko.

“Pombe huisha kwa moto wa kahawa, hata mtoto anaweza kuonja.”

Tafadhali, hapana. Msingi wa dai hili ni kwamba pombe huchemka kwenye nyuzi 78 na kahawa inatoka kwenye nyuzi zaidi ya 90. Kwanza, haibaki 90. Chukua mililita 120 za kahawa ya nyuzi 85, ongeza mililita 50 za wiski ya nyuzi 25, na mchanganyiko unashuka hadi karibu 67. Glasi baridi ya gramu 200 inameza nyuzi nyingine saba au nane. Pili, pombe iliyochanganyika na maji hairuki kama ndege aliyefunguliwa. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba pombe ikitiwa kwenye chakula kinachochemka kisha kikaondolewa motoni, asilimia 85 inabaki. Ikiwashwa moto juu kwa juu, asilimia 75 inabaki. Hata ukichemsha polepole kwa nusu saa, theluthi nzima ingali ndani.

Jedwali hilo linawajibu pia mashabiki wa moto. Rüdesheim am Rhein, Ujerumani, wana kahawa yao iliyobuniwa mwaka 1957 na Hans Karl Adam, mpishi wa televisheni: brandi ya Asbach inawashwa juu ya vipande vya sukari ndani ya kikombe, ndipo kahawa na krimu ya vanila vinafuata. Huko Portland, Oregon, mgahawa wa Huber's, uliofunguliwa mwaka 1879, huwasha ramu kali ndani ya glasi yenye ukingo wa sukari mbele ya mteja. Ni maonyesho mazuri, na sukari iliyoungua ina ladha. Lakini mwali unazimika pombe inapopungua kidogo tu, na iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, unainywa.

Kwa hesabu ya kawaida, mililita 50 za wiski zina gramu 16 za pombe tupu. Kwa vipimo vya Uingereza ni yuniti mbili, katika 14 ambazo wataalamu wao hushauri mtu asizipite kwa wiki. Mtoto hana nafasi hapo, wala dereva.

“Angalau kahawa inaondoa ulevi. Na pombe inapasha mwili joto.”

Ya kwanza ni hatari zaidi kwa sababu mtu anaihisi kuwa kweli. Kafeini inaondoa usingizi. Haiondoi pombe kwenye damu, kazi hiyo ni ya ini na ini halina haraka. Unachopata ni mlevi aliye macho. Mwezi Novemba 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza vinywaji vya pombe vilivyotiwa kafeini, kwa sababu hiyo hiyo: kafeini inaweza kumficha mnywaji dalili ambazo zingemwambia amelewa. Glasi moja baada ya chakula haina msiba huo. Ya tatu inao, hasa kama funguo za gari zipo mezani.

Ya pili inachekesha zaidi. Pombe hutanua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, uso unawaka, na joto la ndani linatoka nje. Abiria wa Foynes walipashwa na kahawa, sukari na kuketi ndani. Wiski iliwapa hisia ya joto na pengine ujasiri wa kupanda ndege tena.

Krimu je, inatunza joto? Hapa nakubali kidogo. Tabaka la krimu linazuia mvuke, na mvuke ndio mlango mkubwa wa joto kutoka kwenye kikombe. Lakini krimu haiwezi kuokoa kahawa iliyomiminwa kwenye glasi baridi. Buena Vista hupanga glasi zao kwa safu na kuzijaza maji ya moto kwanza, wakayamwaga, ndipo wakaanza. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote huku kwetu, na ndiyo ya bure kuliko zote.

“Bila pombe hakuna kinywaji hapo.”

Vienna wanacho tangu zamani: Einspänner, kahawa nyeusi ndani ya glasi na krimu juu, bila tone la pombe. Kwa Waislamu wa pwani, na kwa yeyote asiyekunywa pombe, huo ndio mlango, na si mlango wa nyuma. Tena bila pombe kazi inakuwa rahisi, kwa kuwa kahawa haijapunguzwa uzito na wiski, krimu inaelea kwa utulivu zaidi. Kahawa chungu ya barazani, yenye tangawizi na iliki, ikipewa kijiko kimoja cha sukari na utepe wa krimu baridi, inasimama mbele ya kahawa yoyote ya Ulaya bila kuinamisha kichwa. Wazee wa baraza watauliza kahawa imekosa nini hadi ivalishwe. Wana haki ya kuuliza. Kashata wanayo, na kashata inafanya kazi ile ile ya kupambana na uchungu, kwa njia nyingine.

“Koroga kabla ya kunywa.”

Usikoroge. Wala usitumie mrija.

“Hiki ni kinywaji cha nchi za baridi, kwetu joto.”

Mtu anayesema hivi Dar au Mombasa huwa amekwisha kunywa vikombe vitatu vya kahawa ya moto tangu alfajiri. Na Lushoto, Njombe, Limuru na Kabale mwezi Julai zinaomba kinywaji hiki bila aibu. Joto la pwani halimsumbui mnywaji, linaisumbua krimu. Bakuli au chupa ya kupigia ilale kwenye friza kwa robo saa, krimu itoke kwenye friji dakika ile ile unayoipiga, na ipigwe wakati maji ya kupashia glasi yanachemka, si kabla. Kisha mambo yaende kwa mfululizo: mwaga maji, kahawa, sukari, koroga hadi iyeyuke, wiski, ngoja mzunguko utulie, kijiko kigeuzwe mgongo juu, krimu ishuke unene wa kidole kimoja. Unga wa chokoleti ubaki kabatini. Mgeni wako akitaka kupiga picha kwanza, mkubalie picha moja.